Santuri Aliyoikataa Kaka Yetu Rudia

Kaka yetu, ambaye jukwaani mlimwita Rudia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mimi ni mdogo wake wa kike; alinibeba mgongoni huku akijifunza gitaa, kwa hiyo makosa yake yote ya mwanzo niliyasikia kwa karibu.

Alihitimu uchoraji wa mabango katika shule ya ufundi mwaka 1968. Ripoti yake ya mwisho ilisema, "Ana bidii, lakini anaimba darasani." Baba alimgombeza, mama akamtaka aimbe.

Mchana alichora mabango ya maduka, wikiendi aliimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Jina la Rudia alipewa na wapiga ala wake, waliochoka kuambiwa "turudie" hata wimbo ulipokwisha kuiva.

Mwaka 1973 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Kutunga alitunga kaka, lakini mwenye kuzikumbuka nyimbo alikuwa wifi. Tarehe 20 Oktoba 1984, katika onyesho lililokuwa likirekodiwa, kaka aliruka ubeti. Wifi, mimba imemwelemea, akapaza sauti kutoka viti vya mbele: "Wee Baba, ubeti wa mvua umeupeleka wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kaka akaomba radhi, akauimba. Mwezi uliofuata wifi alifariki akijifungua binti yao wa mwisho. Kaka hakuoa tena.

Santuri za onyesho lile zilikuwa chache. Ya nyumbani iliazimwa kwa ajili ya harusi, na mpaka leo iko njiani. Kwa hiyo kampuni ya muziki ilipotaka kuitoa upya mwaka jana, tulishangilia. Vijana wa studio wakaleta santuri ya majaribio, safi kabisa. Kaka akaisikiliza hadi mwisho, akairudisha kwenye jalada lake.

"Wanangu, kazi nzuri. Lakini mmemfuta mke wangu."

"Mzee, zile zilikuwa kelele za ukumbini."

"Basi rudisheni kelele, au msiitoe."

Wakati huo mapafu yake yalikuwa yameshachoka, na daktari alikuwa ametuambia ukweli. Nikamsihi, "Kaka, kubali yaishe, uishike santuri yako ungali hai."

Akavuta pumzi kwa taabu. "Mimi ninayo kichwani, inanitosha. Huyu mtoto wa mwisho ana picha tu."

Nilimkasirikia siku hiyo, na nilimpenda mno.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Santuri ililetwa Alhamisi. Hakuisikia.

Ameacha wadogo zake wawili, watoto watatu na wajukuu sita. Binti yake wa mwisho ana miaka arobaini. Alhamisi hiyo, sebuleni kwa baba yake, alimsikia mama yake kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, "Shangazi, kumbe mama alikuwa mkali?"

Nikamwambia, sana.

Pumzika sasa, kaka. Mtoto amesikia.