Barua Iliyokatwa Kuwa Mfuko wa Shati

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Mwenye pasi motoni aizime kwanza, maana leo tunamkumbuka mtu wa nguo. Tunamkumbuka mkata nguo wa kiwanda cha sare za shule. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye meza moja, mkasi uleule mkononi. Wenzake walimwita Mzee Inchi.

Kwa nini Inchi? Kila sketi na kila suruali aliyokata aliiachia inchi moja ya ziada kwenye upindo. Mtoto akirefuka, mzazi anafumua, anashusha, na mwaka unapita bila kununua nyingine. Meneja alimkataza, akasema kitambaa ni ghali. Mzee Inchi alimjibu bila kuinua macho, "Bosi, mtoto hakui kwa amri ya kiwanda."

Inchi ikabaki.

Alipokuwa na miaka hamsini na minne alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, ampeleke bintiye chuo cha ufundi umeme. Mkopo ulitaka mdhamini. Mdhamini akawa mpiga pasi wa kiwandani, mama aliyesimama hatua nne kutoka meza yake. Alitia sahihi huku pasi iko mkono wa pili.

"Kaka, ukinikimbia nitakupiga pasi mgongoni ukiwa umelivaa shati," alimwambia. Wakacheka.

Miaka miwili baadaye kazi ilipungua. Wale wenye umri mkubwa wakapewa siku tatu kwa wiki badala ya sita. Siku tatu, mshahara nusu. Deni halikupewa taarifa. Deni lilibaki zima.

Hapo ndipo barua za chama zilipoanza. Mzee Inchi alisoma mistari ya mwanzo tu, ile ya kumdai. Hakuzitupa. Mkata nguo hatupi karatasi. Alizibandika kwa gundi juu ya kadi ngumu, akazikata zikawa violezo, vile vipande vya kufuatishia chaki unapokata kitambaa. Barua iliyofika leo, wiki ijayo ni kola.

"Nilimuuliza, baba, barua za nani hizi?" anasema binti yake. "Akaniambia ni mambo ya kazini. Na kweli, zote zilikwenda kazini."

Aliacha chakula cha mchana. Siku zisizo za kiwanda alibadilisha zipu za majirani. Malipo yalichelewa, lakini hayakukosekana hata mwezi mmoja. Daktari alimwambia moyo umechoka, apumzike. Hakupumzika. "Nikilala mimi, atakatwa dada wa watu," alimwambia binti yake. Hilo ndilo lililomkaa kooni, wasikilizaji wapendwa. Mpiga pasi asikatwe mshahara kwa ajili yake.

Kisha siku moja akakosea. Mpiga pasi naye ana kiolezo chake, cha mfuko wa shati. Hukunja kingo za kitambaa juu ya kadi, ndipo anapitisha pasi. Kadi yake ilikuwa imeungua. Mzee Inchi akachukua moja mezani bila kuitazama, akampa, akarudi kwenye mkasi. Mama akaiweka, akainua pasi, akaona maandishi: "mdhamini wako atakatwa".

Akamfuata. "Kaka, mfuko huu unanitaja."

Mzee Inchi aliutazama. "Hujakatwa bado. Na hutakatwa."

"Sikuulizi habari yangu. Umekula leo?"

"Nimeshiba."

"Nimekuuliza umekula."

"Dada, shati linakungoja."

Mpiga pasi anatuambia kwamba hakuuliza tena. "Aibu yake ilinishika na mimi. Nikatia kile kiolezo kwenye aproni. Nikaendelea na kazi."

Miezi mitano baadaye, siku ya Alhamisi, Mzee Inchi aliinamia meza yake kama mtu anayepima kitambaa. Hakuinuka. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

"Siku ile nilipiga pasi mashati arobaini," anasema mpiga pasi. "Sikumbuki hata moja."

Binti wa Mzee Inchi anasema, "Watu walilia. Mimi niliosha vikombe. Vilikuwa safi tangu mwanzo."

Baada ya mazishi, wanawake hao wawili walikwenda ofisi ya chama. Mpiga pasi alikuwa tayari kukatwa. Karani akafungua faili, akawaambia hakuna wa kukatwa. Mwanachama akifariki, deni linalobaki hulipwa na bima. Kisha akatoa nakala ya barua, nzima, akaigeuza. Nyuma palikuwa na aya moja. Mwanachama aliyepunguziwa kipato afike ofisini, apangiwe malipo madogo zaidi.

"Ni kazi ya dakika kumi," karani alisema. "Tulimwandikia mara tisa."

Mara tisa, wasikilizaji wapendwa.

Mpiga pasi alirudi kiwandani. Alitoa kiolezo kwenye aproni, akakishika kwenye mvuke wa pasi mpaka gundi ikalegea. Akaibandua karatasi polepole. Upande wa nyuma, kati ya madoa ya gundi, maneno yalikuwepo, yamekatwa kwa umbo la mfuko: "aliyepunguziwa kipato afike".

Aliikausha ile karatasi, akairudisha kwenye aproni.

Tunampa pole binti yake, ambaye sasa ni fundi umeme. Tunampa pole mpiga pasi, na mafundi wote wa kiwanda kile. Nawe unayetusikiliza, kama ipo barua unayoiogopa juu ya kabati, isome mpaka nyuma, kisha nenda ukaulize. Na kama yupo mtu hatua nne kutoka ulipo anayesema ameshiba, mpiga pasi anaomba umuulize mara ya tatu. Yeye aliishia ya pili.

Leo mkikunja sare za watoto, geuzeni upindo. Mkikuta inchi moja ya ziada, huenda ni yeye aliyeiacha.