Mwalimu Ndila na Mashujaa Wasiokufa

Pasta wetu, wazee wa Marungu, walimu mliofundisha na marehemu, jamaa na majirani mliofika kutoka Voi, Wusi, Mboghoni na kwingineko, mimi ni Kavinya Mulinge, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu jinsi yalivyokuwa, pamoja na jambo moja ambalo wengi wenu mlilisikia redioni na mkalizungumza sana, jambo ambalo yeye mwenyewe aliniagiza nisiliruke.

Marehemu Mwalimu Evelyn Ndila alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Marungu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mulinge na marehemu Mama Mumbe, ambao walitoka upande wa Kibwezi kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakapapenda, wakabaki. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye maswali machache lakini yasiyojibika haraka, na mama alikuwa akisema kwamba ukimsimulia Ndila hadithi ya sungura na fisi ni lazima ujiandae kumweleza fisi alizikwa wapi, na ni nani aliyebaki na watoto wake.

Alianza darasa la kwanza hapa nyumbani mwaka wa 1969, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana kule milimani kuanzia 1976 hadi 1979, ambako siku moja akiwa kidato cha pili gari la sinema la serikali lilifika uwanjani, wasichana wakajaa mbele hadi akakosa nafasi, akaenda kuketi nyuma ya kile kitambaa cha kuonyeshea picha, akaitazama filamu nzima ikiwa imegeuka, kulia kukiwa kushoto. Alituandikia barua ya kurasa sita kuhusu mwanamke wa filamu ile aliyekuwa akingoja garimoshi, na tangu hapo sisi wa nyumbani tulijua ameshapata ugonjwa wake wa sinema. Alimaliza kidato cha sita mwaka wa 1981, akasomea ualimu kuanzia 1982 hadi 1984, akafuzu kufundisha Kiswahili na fasihi.

Kazi aliianzia Wusi mwezi Januari 1985, akahamishiwa Mboghoni mwaka wa 1992, na kuanzia Januari 1999 akafundisha Voi mjini hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2022, na kama mlivyoona asubuhi ya leo, wanafunzi wake wamejaa hadi nje ya ua, baadhi yao sasa ni akina nyanya.

Tarehe 19 Disemba 1987 alifunga ndoa kanisani na Munyoki, fundi wa reli katika stesheni ya Voi, mtu mpole aliyependa kupiga mluzi akifanya kazi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nzomo, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1989, na Lynn, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1993. Ndoa hiyo ilidumu miaka kumi na minne kasoro, kwa sababu mwezi Agosti 2001 Munyoki alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akaugua siku nne, na tarehe 23 akatuacha.

Hapa ndipo ninapoomba mnivumilie. Nzomo alikuwa na miaka kumi na miwili, na baada ya mazishi akaanza kushinda katika ukumbi wa video karibu na soko, kila Jumamosi, akitazama filamu za mashujaa, hizi za watu wenye barakoa na majoho, wanaoruka angani na kuinua malori kwa mkono mmoja. Siku moja tulimfuata mimi na marehemu, tukampata ameketi benchi la mbele, na alipotuona alimwambia mama yake, kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona usoni pake tangu Agosti, "Mama, huyu alikufa ile ya kwanza, lakini hii ya pili amerudi." Dada yangu aliinama palepale, mbele ya watu, akamwambia kwa upole kwamba baba hatarudi, si katika ya pili wala ya tatu, na mtoto akaendelea kutazama kana kwamba hakusikia. Mimi naamini ugomvi wake na filamu zile ulianzia pale, ingawa yeye angesema ulianzia katika fasihi.

Mwaka wa 2003 alianzisha chama cha filamu shuleni, kila Ijumaa baada ya masomo, katika ukumbi wa kulia chakula, na kuanzia mwezi Machi 2011 akapewa kipindi katika redio yetu ya jamii, Jumamosi saa nne asubuhi, ambapo alichambua filamu na kuzipa alama kati ya kumi, kama insha. Filamu za mashujaa hazikuwahi kupita alama nne. Alikuwa akisema kwamba filamu hupimwa kwa kile ambacho mtu amepoteza na hawezi kurudishiwa, na kwamba mahali ambapo kifo ni likizo ya mwaka mmoja hakuna ujasiri, kwa kuwa asiyeweza kufa haogopi chochote. Mansur, ambaye ana duka la simu karibu na stendi na yuko nasi hapa, alipiga simu karibu kila wiki kumpinga, akimweleza kwamba watu wa dunia nzima hawawezi kujaza kumbi kwa upuuzi, na kwamba hata wachambuzi wakubwa wa ng'ambo wamezisifu, naye marehemu akamjibu kwamba wachambuzi nao ni watu, wanaogopa kuitwa wazee. Pasta naye aliwahi kumwuliza kama haamini ufufuo, akajibu kwamba anauamini kabisa, ndiyo sababu hapendi kuuona ukichezewa kila mwaka.

Nzomo alikua, akasomea Nairobi utengenezaji wa picha za kompyuta, na kuanzia mwaka wa 2016 akaajiriwa na kampuni inayopokea kazi za filamu kutoka nje, filamu zilezile. Kazi yake ilikuwa vumbi. Jengo likianguka katika filamu, kuna mtu ameketi mahali fulani akitengeneza vumbi lake, punje kwa punje, lipande vile vumbi la kweli linavyopanda, na kwa vumbi la daraja moja tu linaloanguka alifanya kazi miezi kumi na mmoja. Filamu yenye daraja hilo ilipotoka, tarehe 27 Aprili 2019, alimchukua mama yake hadi Mombasa kuitazama, tukaandamana mimi na Lynn, na mwishoni watu walipokuwa wakitoka sisi tulibaki tumeketi hadi jina la Nzomo likapita chini kabisa katika orodha ya waliotengeneza, kwa herufi ndogo kama za kijikaratasi cha dawa. Lynn alipiga makofi. Marehemu alimshika Nzomo begani, akamwambia ameona.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 4 Mei, akaingia studio na kuipa filamu ile alama nne. Hilo Nzomo alilitarajia, hata alikuwa amecheka nasi juu yake. Lakini marehemu hakuishia kwenye alama, akaendelea kusema, nami nayanukuu maneno yake kwa sababu aliniruhusu, "Waliotengeneza filamu hii wana mikono ya kazi, lakini inaonekana hawajawahi kuzika mtu."

Nzomo alikuwa akisikiliza kwa simu akiwa Nairobi. Hakumpigia mama yake siku hiyo, wala wiki hiyo, na hakukanyaga Voi kwa muda wa miaka minne na miezi minane. Salamu alizituma kupitia Lynn. Marehemu alijua kosa lake kabla hajafika nyumbani kutoka studio, aliniambia hivyo, lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu aliyekosea ubaoni mbele ya darasa zima huona ugumu kushika kifutio. Nilimwambia ampigie. Alisema atampigia. Mwaka ukapita, kisha wa pili.

Mwezi Septemba 2022, miezi sita baada ya kustaafu, alianza kuvimba miguu na kuishiwa na pumzi, na madaktari katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Voi wakagundua kwamba figo zake zote mbili zimechoka, hivyo akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara. Alitukataza tusimweleze Nzomo ukubwa wa ugonjwa, akisema hataki mtoto arudi kwa kumhurumia.

Kwenye kitanda cha pili kutoka chake alikuwepo Aliya, mwanamke wa miaka ishirini na minne, binti yake Bi Khamisa, mwenye duka la vitambaa mjini, na Aliya alikuwa na tabia ya kutazama filamu za mashujaa kwenye simu tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa. Mwanzoni marehemu alinung'unika, kisha akauliza, kisha vitanda vikasogezwa, wakawa wanagawana kisikizio, kila mmoja sikio lake. Siku moja mimi nikiwapo, alimwuliza Aliya anapata nini humo, hali anajua fika kwamba wafu hawarudi, na Aliya akamjibu kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mwalimu, mimi sitazami kurudi kwa shujaa. Natazama pale mwili wake unapomgeukia, akawa haujui tena. Hapo ndipo nilipo mimi, na sijaona filamu nyingine inayonionesha."

Dada yangu akamwomba airudishe filamu hadi mahali hapo.

Aliya alifariki tarehe 17 Januari 2024. Marehemu alikwenda kumpa pole Bi Khamisa akiwa ameshikiliwa na Lynn, na Jumamosi ya tarehe 27 akaomba apelekwe studio, ingawa alikuwa hawezi kupanda ngazi, vijana wa redio wakambeba na kiti. Kipindi hicho kilikuwa cha mwisho na kilikuwa kifupi. Alisema kwamba habadilishi alama, filamu ile bado ni nne, na wanaoipa tisa waendelee kuieleza tisa yao, lakini kuna watu wameketi mbele ya filamu hizo wakiwa na jambo lao, na yeye alikuwa ameihukumu filamu bila kuwaangalia walioketi. Halafu akasema, "Nilisema walioitengeneza hawajawahi kuzika mtu. Namjua mmoja aliyemzika baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, na mimi nilikuwepo. Nzomo, nisamehe."

Lynn aliirekodi sauti hiyo akaituma. Nzomo alifika nyumbani kesho yake, Jumapili, watu wakitoka kanisani, akamkuta mama yake amekonda kuliko alivyofikiri, akasimama mlangoni, na marehemu akamwuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwa mwili wake, ila nyumba haikunyamaza. Nzomo alihamishia kazi yake hapa, na kila alasiri walikaa barazani na kompyuta wakitazama filamu za mashujaa, moja baada ya nyingine, wakibishana hadi majirani wakadhani wanagombana. Nzomo alimkubalia kwamba nyingi hutengenezwa kwa haraka na hufanana, na kwamba sifa nyingine zinatokana na kelele tu, naye marehemu alikubali, kwa shida, kuipa mojawapo alama saba, kwa kuwa shujaa alifiwa na mama yake na filamu ikanyamaza dakika nzima bila muziki.

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, mchana, akiwa amelazwa, walikuwa wakitazama nyingine, na shujaa alipoanguka na kufa marehemu alisema, "Izime hapo."

Nzomo akamwambia bado nusu saa, na kwamba anarudi.

"Najua anarudi," akasema. "Niachie huyu aliyekufa, nikae naye kidogo."

Nzomo akaizima. Wakakaa. Baadaye wakaanza kuzungumza juu ya Munyoki, wao wawili, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu mwaka wa 2001, wakazungumza hadi muuguzi alipokuja kubadilisha dawa. Jumanne ya tarehe 4 Februari, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mwalimu Evelyn Ndila alifariki, akiwa na umri wa miaka 62, miezi kumi na siku ishirini na moja, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha mashine, waliomwita Mwalimu hadi siku ya mwisho na kuvumilia kusahihishwa Kiswahili chao, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka yote, wenzake wa redio, Mansur, ambaye alikuwa akimpeleka hospitali kwa gari lake kila Alhamisi na kumpinga njia nzima, majirani wa hapa Marungu waliochota maji na kupika tangu walipopata habari, na Bi Khamisa, aliyekuja akaketi nasi jikoni siku mbili, naye anajua kwa nini.

Tumepokea rambirambi nyingi zinazosema kwamba Ndila alipigana kama shujaa. Tunashukuru kwa upendo huo, lakini watoto wake wameniomba niseme ukweli, kwamba hakupigana, alichoka, aliogopa, siku nyingine alilia, akatuomba tusitoke chumbani, nasi hatukutoka.

Pumzika sasa, dada yangu, kwa amani yote uliyostahili, hatutakuita urudi.