Bwana Namba na Faili Moja Lililopotea

Tarehe thelathini mwezi huu, Bwana Namba anafunga mlango wa masjala kwa mara ya mwisho. Ameitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne na miezi miwili, yote katika chumba kimoja: chumba cha mafaili ya wagonjwa, pale mwisho wa korido, mkabala na maabara. Afisa utumishi aliniomba niandike wasifu wake kwenye jarida hili kwa kuwa mimi ndiye mkuu wake wa kazi. Alisema yawe maneno mazuri mazuri, yasizidi ukurasa mmoja. Ukurasa nimeuzidi. Kuhusu uzuri wa maneno, msomaji atajionea mwenyewe.

Nianze na yaliyo mepesi. Jina la Bwana Namba alipewa na manesi kabla mimi sijaajiriwa. Sura za watu zilikuwa zikimpiga chenga, lakini namba ya faili ikishapita mkononi mwake haitoki tena kichwani. Daktari akija na nusu ya jina na mwaka wa kukisia, yeye anakuna kidevu, anatembea hadi rafu ya kumi na moja, anarudi na faili. Mwaka ule kompyuta zilipozima siku tatu mfululizo, madaktari walipanga foleni dirishani kwetu kama watu wanaosubiri mkate, na yeye akatoa mafaili mia tatu na ushee bila kukosea hata moja. Siku ya nne kompyuta zilipozinduka, alizipigia saluti na kuzikaribisha kazini. Mganga mkuu alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi alinifundisha kazi. Nilikuja nikiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, najua kupiga chapa na kujibu watu mkato. Akanionyesha jinsi ya kushika faili lililochakaa bila kulirarua, na jinsi ya kumwambia mgonjwa aliyepandisha hasira neno moja akakaa chini. Mara mbili alipendekezwa awe mkuu wa masjala. Mara mbili alikataa, kwa kuwa cheo hicho kilidai mafunzo ya miezi mitatu mbali na nyumbani. Tulimwona mtu asiyejitakia makuu. Mara ya tatu cheo kikaja kwangu, nikakikalia kiti kilichokuwa haki yake bila kujiuliza mara mbili, na yeye akawa ananiita "bosi" kwa utani na "mdogo wangu" kwa dhati.

Alikuwa na mambo yake. Kila mwezi alichukua siku moja ya likizo, akapanda basi la alfajiri kwenda mji wa jirani, mwendo wa saa tatu. Kesho yake alirudi kazini macho mekundu. Sisi tukapata jibu bila kuulizwa swali: ana nyumba ndogo kule. Sweta zake za kufumwa kwa mkono, ambazo kila mtu alizitamani, tukasema ndiko zinakotoka. Mhudumu wa dirishani alikuwa akimchokoza, "Shemeji hajambo kule?" naye anajibu, "Hajambo, anawasalimu," chumba kizima kinaangua kicheko. Alipofiwa na baba yake tulikwenda kumpa pole, akatupokea barabarani. Viti vilikuwa vimepangwa kwenye kiwanja cha jirani, na maji ya kunywa yakaletwa hukohuko. Hakuna aliyevuka kizingiti chake. Njiani wakati wa kurudi tulimsema kwamba ni bahili.

Katika faili lake la utumishi kuna doa moja tu. Miaka kumi na moja iliyopita lilipotea faili la mgonjwa wa kliniki ya akili, ambayo imepakana ukuta kwa ukuta na masjala. Daktari alikuja juu. Tulipekua rafu zote kwa wiki mbili. Mwishowe Bwana Namba akasema mbele ya watu wote, "Nimelipoteza mimi." Nikaandika barua ya onyo, nikaitia sahihi, na nilipomkabidhi aliipokea kwa mikono miwili. Nakiri kwamba siku ile nilijisikia vizuri. Nilijiona kiongozi asiyependelea mtu.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulifanya makabidhiano. Alinipa funguo saba, mhuri wa tarehe, daftari la kuazimia mafaili, na mwisho kabisa, kutoka kwenye mfuko wa karatasi, faili lile. Halikuwa hata na vumbi. "Fungua ukurasa wa pili," aliniambia. Ukurasa wa pili ndipo anapoandikwa ndugu wa karibu wa mgonjwa. Uhusiano: mume. Jina lilikuwa la kwake.

Sasa inabidi niseme nilichokifanya. Wenzangu wa wakati ule mnakijua, na ninyi mliokuja baadaye mnastahili kukijua. Wakati wa chai, pale masjala, tulikuwa na mchezo. Mtu anavuta faili kutoka rafu ya kliniki ya akili, anasoma maelezo ya daktari kwa sauti, wengine wanacheka. Msomaji mkuu nilikuwa mimi, maana nilikuwa hodari wa kuigiza sauti. Jina la mgonjwa nililifunika kwa kiganja, na kwa kiganja kile nikajihesabu mtu mwenye maadili. Siku moja nilisoma habari za mama aliyekuwa akifunga madirisha yote mchana na kumsihi mume wake asiende kazini, kwa sababu alisikia watu wa barabarani wakimwita. Daktari alikuwa ameandika na maneno ya mume: kwamba hajalala usingizi wa maana kwa miezi mingi, kwamba ndugu zake wanamwambia amrudishe mwanamke kwao, na kwamba majirani wakiuliza, huwaambia mke amesafiri. Maneno hayo niliyasoma kwa sauti ya mwanamume anayelialia. Mtu akadakia, "Amesafiri kwa nauli ya nani?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Bwana Namba alikuwa amekaa karibu na mlango, kikombe mkononi. Naye alicheka. Nakumbuka kwa sababu nilimtazama nione kama nimemchekesha.

Kesho yake faili halikuonekana. Tangu siku hiyo hakumpeleka tena mke wake kwenye kliniki iliyo nyuma ya meza yake. Mtu aliyeshinda hospitalini kila siku ya kazi alikuwa akisafiri saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, amemshika mkewe mkono ndani ya basi, kutafuta hospitali ambayo hakuna anayemfahamu. Miaka kumi na moja. Nilimwuliza kwa nini alituacha tumzushie nyumba ndogo, asikanushe hata siku moja. Akasema, "Mdogo wangu, hiyo mlikuwa mnacheka huku mnanipigapiga bega. Ile nyingine mngecheka halafu mngenikimbia."

Nilimwomba msamaha. Nililia pia, na yeye ndiye aliyehangaika kunitafutia kitambaa, jambo lililonizidishia aibu, maana hata hapo yeye ndiye aliyekuwa anamtunza mtu. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema ruhusa si yake, ngoja akaulize nyumbani. Kesho yake alileta jibu: mke wake amekubali, kwa sharti kwamba asiandikwe kama mgonjwa tu. Basi naandika. Mama huyu ni fundi wa kufuma. Sweta zote tulizozisifia, na tukampa sifa mwanamke tuliyemtunga wenyewe, zimetoka mikononi mwake, katika siku ambazo hali yake ni nzuri, nazo si chache. Anasema pia kwamba mume wake ni mbishi na hajui hata kuchemsha maji yakachemka sawasawa. Alisisitiza na hilo niliandike.

Barua ya onyo nimeomba iondolewe kwenye faili lake. Nimeandika nyingine inayonihusu mimi, nimeieleza habari yote, nimeiwasilisha kwa uongozi na uamuzi ni wao. Ule mchezo wa wakati wa chai ulikufa siku nyingi, lakini ulikufa kwa sababu rafu zile zilianza kufungwa kwa kufuli. Hatukuacha kwa kuona vibaya. Ndiyo maana naandika "sisi" hapa bila kuogopa kwamba nawaonea wenzangu.

Nilikwenda pia kwa sista wa kliniki, tukapanga jinsi mke wake atakavyotibiwa hapa, kwa staha na siri, asipande basi tena, ukizingatia kwamba wote wawili umri umekwenda. Nilimpelekea Bwana Namba habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi. Alinishukuru kwa adabu zake zote. "Bado, mdogo wangu," akasema. "Mwenyewe hajawaamini." Sikuwa na uso wa kumbembeleza.

Sherehe ya kumuaga ni Alhamisi hii, saa tano asubuhi, ukumbini. Keki imeagizwa na mganga mkuu atasema machache. Mstaafu hatakuwepo. Tulipanga tarehe bila kumwuliza, nayo imeangukia siku ya safari yake. Juzi aliniletea fomu yake ya mwisho ya likizo. Zile za nyuma nimezitoa kabatini nikazipitia. Kwenye nafasi ya sababu zote zinasema "shughuli binafsi". Hii ameandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa kwenye majalada: "Nampeleka mke wangu kliniki ya akili." Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu akinitazama ninavyosoma. Niliidhinisha. Nikamwambia "asante", naye akasema, "Waambie na watu," akatoka.

Kwa hiyo, mtakaokuja Alhamisi, mkikuta kiti cha mgeni rasmi wa siku hiyo kiko wazi, msinong'onezane. Mwenyewe ameandika alipo, na amesema tuwaambie watu.

Asante, kaka, kwa kazi yako na kwa uvumilivu ambao hatukustahili kuupata. Wewe na mkeo tunawatakia safari njema, foleni fupi huko mwendako, na uzee wenye wageni mtakaowachagua wenyewe. Sisi tutasubiri tuitwe.