Tundu la Nne

Ndani ya basi la kwenda ziwani, fundi alishikilia tyubu ya silikoni, gundi ya kuzibia maji, kama mgonjwa anayeshikilia dawa.

"Kayaki ya shemeji, ule mtumbwi wake wa plastiki, nimeitoboa matundu manne, nifunge kishikio cha fimbo ya kuvulia na skrini ya kuonyesha samaki. Matatu nikaziba. La nne nikalifunika na kishikio, nikasahau."

"Maji yakiingia si atayaona?" aliuliza mama wa kiti cha pili.

"Yanaingia tumboni mwa kayaki, mama, kimya kimya."

"Mpigie."

"Simu kamwachia dada. Kasema skrini inamtosha."

"Kuogelea anajua?"

"Anajua kuvua."

Mama hakucheka. Basi liliposimama, fundi aliliona gari la shemeji ufukoni, kamba za kufungia kayaki zikining'inia tupu juu yake.