Siku Niliyokalia Pipa

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana mtu kama mimi akisema mara moja haitoshi. Mimi ni Mama Violet, yule wa kibanda cha mafuta ya taa kando ya mfereji, hapa hapa mtaani. Wengi wenu nimewapimia mafuta. Leo naomba mnivumilie, kwa sababu nitakalosema si zuri, na sitalipaka sukari.

Ndugu zangu, hamhitaji kuambiwa tulivyoishi miaka hii ya tisini. Pale kwenye kona ya choo cha Council walikuwa wakikaa wanaume wazima, wenye wake na watoto, kazi yao kupokonya watu. Mwanamke alikuwa hawezi kuanika nguo akaingia ndani kusonga ugali; akitoka anakuta kamba tupu. Mkubwa wao tulimwita Chuma, kwa ajili ya kipande cha nondo alichoficha ndani ya koti. Jioni moja mume wangu alikuwa anatoka kibarua Industrial Area, kwa miguu kama kawaida yake. Chuma akamtaka saa ya mkononi. Mzee wangu alisita kidogo tu. Ile nondo ikampasua jicho la kushoto, na jicho hilo halikuona tena.

Nilimshika mkono tukaenda polisi. Afisa alitusikiliza huku anatafuna mahindi ya kuchoma, kisha akatuuliza kama tumekuja na karatasi ya kuandikia. Hatukuwa nayo, nikatoka kwenda kununua fulskepu. Niliporudi akasema gari halina mafuta, tumtafute huyo mshukiwa wenyewe tumlete. Tukamleta! Wanaume wa ploti yetu walimfikisha pale amefungwa kamba. Siku ya tatu nilikuwa nafungua kibanda, nikasikia mtu ananisalimu, "Niaje, mathe?" Alikuwa Chuma, amenyoa ndevu, anatabasamu. Nilikufa moyo, ndugu zangu. Nikasema serikali imetutupa, na Mungu naye anachelewa.

Hapo ndipo watu walipochukua sheria mkononi. Mnajua. Mtu akilia mwizi, tairi linatoka kusikojulikana, na mafuta yanatoka kwangu. Jumamosi moja mchana walimkamata mtu karibu na steji ya matatu. Jirani yangu akaja mbio na kopo. Hakueleza, nami sikuuliza. Nilipiga pampu nikamjazia, na alipotia mkono mfukoni nikamwambia aache, huo ni mchango wangu, kama tunavyochanga kwenye harambee. Nilijua vizuri kopo lile linakwenda wapi. Moshi ulipopanda nilifurahi. Nasema hivi mbele ya madhabahu: nilifurahi, nikaendelea kumenya viazi.

Siku mbili baadaye alikuja mama mmoja mzee na jerikeni dogo. Aliponisalimu tu nikajua kwa lafudhi kwamba ni mtu wa kwetu, Bungoma. Alitaka mafuta ya karabai, kwa sababu kwake kulikuwa na matanga. Nikampa pole, nikamuuliza aliyefariki ni nani. Akasema ni mwanawe Wafula, yule aliyechomwa steji. Alikuwa anatoka kibarua, watu wakaanza kukimbia, naye akakimbia, wakamshika yeye. Nilikuwa nimeshika mkono wa pampu. Nikampimia, ndugu zangu! Pipa lile lile. Aliniangalia mpaka jerikeni likajaa, akasema asante mama, akaenda zake.

Tangu siku ile sikula nikashiba. Nilikuja hapa nikaomba, nikafunga siku nyingi, mkadhani nimeokoka upya. Kumbe nilikuwa najitetea mbele za Mungu kama wakili. Nilimwambia si mimi niliyewasha kiberiti. Nilimwambia mume wangu ana jicho moja. Maombi yangu yalikuwa yanaishia kwenye mabati.

Kisha Jumapili moja mchana, tumetoka tu ibadani, watu wakamshika Chuma. Alikuwa amempokonya mama mjamzito kibeti na kumsukuma chini. Umati ulimburuta mpaka mlangoni kwangu. Walisema ni kwa kutuheshimu, kwa sababu mimi na mume wangu ndio wenye haki ya kwanza juu yake. Jirani yule yule alinyoosha kopo.

"Mama Violet, toa mafuta. Leo ni ya jicho."

Msidhani nilimhurumia Chuma. Nilimchukia, na nilipomwona anatoka kamasi kwa kulia nilizidi kumchukia. Lakini mbele ya macho yangu alisimama yule mama na jerikeni lake. Nikafunga pampu kwa kufuli, nikapanda juu ya pipa, nikaketi. Nikawaambia halitatoka hata tone. Walinitukana matusi ambayo hayasemeki humu. Wengine wakasema nimehongwa. Mmoja akasema basi wanichome pamoja naye. Nilitetemeka mpaka pipa likawa linalia chini yangu, lakini sikushuka. Bwana alinishika pale, sina maelezo mengine.

Mume wangu akatoka ndani. Mnamjua, si mtu wa maneno mengi. Alikwenda akasimama kati ya Chuma na watu.

"Jicho ni langu," akasema. "Sijamtuma mtu yeyote achome mtu kwa ajili yake."

Nani angedai kuliko mwenye jicho? Makopo yakashuka. Tukamfunga Chuma kamba, tukaenda naye kituoni, akina mama wengi kuliko wanaume. Afisa akaanza wimbo wake wa gari. Tukamwambia hatukuja kuomba gari, mtu ndiye huyu hapa. Tuliketi sakafuni tukaimba pambio moja baada ya jingine mpaka akafungua kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, akaandika, nasi tukanakili maneno yote na namba. Kesho yake tulirudi kuuliza kama bado yumo ndani. Keshokutwa yake tukarudi tena. Faili likapotea, tukaleta nakala yetu. Mahakamani kesi iliahirishwa mpaka karani akawa anatuita kwa majina ya watoto wetu, na kila mara benchi la nyuma lilijaa wanawake wa mtaa huu na leso zao. Haba na haba hujaza kibaba. Chuma alifungwa, na alifungwa kwa sheria.

Ningeweza kukaa chini hapo, mpige makofi. Lakini Roho amenikataza, kwa sababu Wafula alikuwa bado.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama yake. Nilimwambia yote: kopo, mchango, na furaha yangu. Nilingoja anifukuze. Akaniambia kwa lugha ya kwetu:

"Nilijua. Siku ile nilipita vibanda viwili nikaja kwako, ili unione."

Nililia sakafuni kwake kama mtoto. Hajaniambia amenisamehe, na simharakishi. Lakini tangu nilipotamka jambo lile kwa kinywa changu, naomba na najua nasikiwa. Mungu amenifungua! Sina tena kitu cha kumficha, wala cha kuwaficha ninyi.

Ndugu zangu, kifo cha Wafula hakijaandikwa popote. Tulipouliza kituoni walisema ni umati, na umati hauna jina. Sawa. Jumanne saa mbili asubuhi, mimi na mama yake tunakwenda kuandikisha, na hatutaondoka mpaka kiandikwe. Jina la kwanza kwenye karatasi hiyo litakuwa langu. Mume wangu anajua, watoto wanajua, na yatakayofuata nimeyaweka mikononi mwa Bwana.

Kama humu ndani kuna mtu aliyeleta tairi siku ile, au aliyeshika kopo, sitamtazama. Wewe unajijua. Usiogope, Yesu hamwachi anayekuja kwake na ukweli. Njoo Jumanne. Chini ya jina langu kutakuwa na nafasi. Amina.