Dkt. Montserrat Ibarz Okurut na Watoto Arobaini na Mmoja

Hakuna kitu kilichoingia jikoni kwa Mama Montse kikakosa kubandikwa kipande cha plasta chenye jina na tarehe. Chumvi iliandikwa chumvi, ingawa ilikuwa ndani ya chupa ya kioo na kila mtu aliiona. Maziwa yaliandikwa saa yalipochemshwa. Baba yetu, Afande Yekosofati Okurut wa Magereza, alikuwa akimwambia, "Daktari, iko siku utanibandika hata mimi." Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Lala tena na buti kwenye kochi langu, nitakubandika leo." Ndivyo alivyofundishwa kazini maabara: damu isiyo na jina si ya mtu yeyote. Lakini ni majina hayohayo yaliyomfanya aandike watoto walio hai kuwa wamekufa, na hadi mwaka huu alikuwa bado anamtafuta wa mwisho wao.

Marehemu alizaliwa tarehe 27 Aprili 1952 mjini Barbastro, kaskazini mwa Hispania, mtoto wa kwanza wa Mzee Ramón, fundi viatu, na Mama Asunción. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alifariki kwa saratani ya titi. Alitusimulia kwamba nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa ule, hata siku ya mazishi.

Alisoma kwa masista pale Barbastro, kisha Chuo Kikuu cha Zaragoza, alikopata shahada ya kemia mwaka 1974 na udaktari wa biokemia mwaka 1980. Alifanya kazi Madrid miaka kumi na mitatu, akichunguza seli za saratani za watu ambao hakuwahi kuwaona. Septemba 1993 alikuja Mbale, mashariki mwa Uganda, kuwaona.

Kiswahili alijifunza kwa Baba. Mwaka 1996 Baba alikaa siku tatu kwenye benchi nje ya maabara yake, akimlinda mfungwa mgonjwa, na wakati huo Baba alikuwa amefiwa na mama yetu mzazi miaka miwili kabla. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998, Nabuyonga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na sikumsalimia kwa miezi minne. Hakunilazimisha. Siku moja nilikuta sabuni ya kuogea imewekwa kando na kuandikwa jina langu, "Night". Nyumbani kwetu, kambini kwa askari wa magereza, sabuni ilikuwa ya wote. Hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa yangu.

Kazi yake kubwa ilihusu watoto wenye uvimbe wa taya. Alitafuta kitu katika damu kitakachoonyesha mapema ni mtoto gani kati ya waliotibiwa ambaye ugonjwa utamrudia. Kuanzia 1996 hadi 2003 aliandikisha watoto mia mbili na kumi na wawili, na baada ya matibabu wasaidizi wake waliwafuata vijijini, wakiwaulizia kwa majina. Aliyetafutwa mara mbili bila kupatikana alihesabiwa amekufa. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe. Arobaini na mmoja hawakupatikana. Kipimo chake kilikuwa kimesema wengi wao wamepona, hivyo kwa hesabu hiyo kilionekana hakifai, na mwaka 2004 mradi ulifungwa.

Mwaka 2006 tulikuwa sokoni Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, tukinunua nyanya. Aliyetuuzia alikuwa msichana mwenye kovu chini ya shavu, ameketi na bibi yake. Mama Montse alilitazama lile kovu, akasema, "Racheal?"

Bibi alisimama. "Hakuna mtoto ya jina hiyo hapa. Huyu ni Nambozo."

"Mama, mimi nilimtibu huyu."

"Racheal tuliacha na ugonjwa wake huko hospitali kwenu. Unamtafutia nini? Unataka umuite arudi?"

Ndipo alipoelewa. Mtoto aliyeponea chupuchupu alipewa jina la mzee wa ukoo aliyekwisha kufa, ambaye iliaminika ndiye aliyemletea ugonjwa kwa kumtaka, na lile la zamani halikutamkwa tena, sembuse mbele ya mgeni aliyeshuka kwenye gari la hospitali. Mama Montse alikaa chini kwenye kreti la nyanya. "Night," alisema, "nimemzika mtoto anayeniuzia nyanya."

Kuanzia siku hiyo aliwatafuta wote arobaini na mmoja, kwa bodaboda na kwa miguu, bila mradi wala mshahara. Hakuuliza tena majina, aliuliza makovu. Masahihisho yake yalichapishwa mwaka 2011 na hakuna aliyemwandikia kumjibu. Aliendelea. Hata baada ya kuhamia Mpumudde, Jinja, mwaka 2012, na baada ya Baba kufariki mwaka 2017, alirudi Mbale kila mwezi. Alipata ishirini na saba hai. Kumi na watatu walikuwa wamekufa kweli, na makaburi yao aliyafikia. Alibaki mmoja: Herbert wa Nabuyonga, aliyeandikishwa mwaka 1999 akiwa na miaka sita.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Majibu aliyasoma mwenyewe: saratani ya kongosho. Aliikunja karatasi akasema, "Miezi minane." Ilikuwa tisa. Agosti nilimsindikiza Nabuyonga kwa mara ya mwisho. Jirani wa zamani wa kina Herbert, Hajati Kadija, alimpa kiti na maji, akamwambia, "Walihama, mama. Kama kijana alipona, sisi hatukuuliza."

Alifariki Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani Mpumudde. Ameacha mdogo wake Pilar kule Barbastro, sisi watoto wake Night na Sam, na wajukuu wanne. Nambozo yuko nasi hapa Nakaloke leo, pamoja na watoto wake. Tunamlaza kando ya Baba. Mungu ampe pumziko ambalo hakujipa.

Asubuhi ya Jumamosi ile aliyofariki nilimuuliza kama nimwandike Herbert pamoja na waliokufa, ili daftari lake la wale watoto lifungwe. Alikataa kwa kichwa. Kisha akasema, "Acha nafasi yake wazi. Na ukimkuta, usimwite Herbert. Muulize anaitwa nani."