Njia Isiyo na Magari

Ndani ya treni ya bonde la mto Mosel, Ujerumani, Irmtraud alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa abiria wawili waliokaa karibu naye. Bwana mmoja mwenye baiskeli alikuwa anafoka. "Ramani inasema njia haina magari. Leo nimepishana na matrekta matatu, mama. Mpaka nikashuka nikasukuma."

Mama Gerlinde, mkulima wa zabibu, alimtazama. "Hiyo ni njia ya mashamba yetu, na huu ni wakati wa mavuno. Ulitaka tubebe zabibu kichwani?" Bwana akasema kibao cha njiani kina picha ya baiskeli. Mama Gerlinde akamjibu, "Na chini yake pameandikwa wakulima ruksa. Au hata kusoma unangoja mteremko?"

Irmtraud akafunua ukurasa ambao hakuusoma.

Bwana akanuna, akafungua mkoba wake, akaanza kula zabibu. "Hizo umenunua wapi?" akauliza Mama Gerlinde. "Ninunue? Zilikuwa zinaning'inia tu kando ya njia. Kishada kimoja kina nini?"

Treni ikasimama. Bwana akashika baiskeli, akaomba njia. Mama Gerlinde hakusogeza magoti. Irmtraud, upande wa pili, akakunja gazeti, naye akanyoosha miguu yake mpaka katikati ya njia.